Difloki: lini ufunge, lini ufungue, na wapi uiache kabisa

Masika yakishika, njia nyingi za nje ya Arusha hubadilika ndani ya saa moja. Pale ulipopita asubuhi ukitimua vumbi, jioni gari linakaa kwa tumbo. Mwongozo huu ni wa dereva wa gari la foo-wili, yaani linaloweza kusukumwa na tairi zote nne, lenye difloki, ile loki ya kuzifunga tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja: anayepeleka wageni Ndutu, anayesafirisha dawa au mbegu kwenda Loliondo, mwenye pikapu ya shamba kule Monduli, au anayepandisha wapagazi na mizigo yao mpaka lango la Londorossi. Wengi wetu tumekabidhiwa magari haya bila mtu kutueleza swichi ile kwenye dashibodi inafanya nini hasa chini ya gari. Funguo tu, na safari njema.

Kuna jambo moja linalobeba yote yatakayofuata, kwa hiyo nalitanguliza. Difloki hufungwa tairi zikiwa zimesimama na gari likiwa limenyooka, kabla ya kuingia mahali pabaya, na hufunguliwa mara tu unapopavuka. Mara nyingi ekseli inayokatika porini haikuwa na chuma kibaya. Ilifungwa loki kwa kuchelewa, au ilifunguliwa kwa kuchelewa.

Difu inafanya nini

Usiiruke sehemu hii. Ukiielewa, nusu ya maonyo yaliyo huko chini utaweza kuyatunga mwenyewe.

Gari likikata kona, tairi ya nje hutembea umbali mrefu kuliko ya ndani. Chukua gari ambalo tairi zake za kushoto na kulia zimeachana mita 1.5. Kwenye kona ya nyuzi 90, tairi ya nje itatembea karibu mita 2.4 zaidi ya ile ya ndani, na hesabu hiyo haibadiliki hata kona iwe fupi au ndefu. Ukigeuza gari lirudi ulikotoka, tofauti inafika karibu mita 4.7. Kazi ya difu, yale meno yaliyo katikati ya ekseli, ni kuiruhusu tofauti hiyo: tairi moja izunguke haraka, nyingine polepole, huku zote mbili zikiendelea kusukuma.

Difu isiyofungwa hugawa nguvu sawa kushoto na kulia, na hapo ndipo tatizo la tope linapozaliwa. Tairi iliyozama kwenye tope laini, au iliyoning'inia hewani, haihitaji nguvu yoyote ya maana ili izunguke. Kwa kuwa mgao ni sawa, mwenzake aliyekanyaga mwamba mkavu naye hupewa kile kile kidogo. Ndiyo maana utaona tairi moja inarusha matope mpaka kwenye paa na ya pili imetulia tuli, na gari haliendi popote. Kuongeza mafuta hakusaidii. Unaizungusha tu ile tairi isiyo na mshiko.

Loki inaziunganisha pande mbili zizunguke kwa mwendo mmoja. Sasa tairi iliyo kwenye mwamba inaweza kupokea nguvu yote inayohitaji, hata kama mwenzake yuko hewani. Lakini kumbuka ile mita 2.4. Gari likiwa limefungwa loki na likakata kona, tofauti ile haina pa kwenda, kwa hiyo lazima tairi moja iburuzwe. Tope, mchanga na changarawe huachia, tairi ikateleza na mambo yakaisha. Lami kavu haiachii, wala kifusi kilichoshindiliwa hakiachii kwa urahisi. Mzigo unarudi kwenye ekseli, kwenye meno ya difu, na kwenye usukani wako, ambao utakataa kukata kona wakati lori linakuja mbele yako.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako ukiwa nyumbani

Land Cruiser za jamii ya 70, hizi ambazo Arusha imejaa, nyingi zina difu mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Hazina difu ya katikati. Ukiweka foo (tairi zote nne zisukume), propela ya mbele na ya nyuma, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye difu, zinafungwa pamoja. Maana yake ni kwamba hata kabla hujagusa difloki, foo yenyewe tayari ni aina ya loki kati ya mbele na nyuma, na mahali pake ni kwenye utelezi. Usiendeshe na foo kutoka Makuyuni mpaka Karatu kwenye lami kavu kwa kudhani unaongeza usalama.

Land Rover Defender za zamani ni tofauti. Zinaendesha tairi zote nne muda wote, na kati ya propela mbili kuna difu ya tatu ndani ya transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Difu hiyo ina loki yake, unayoifunga kwa mkono ule ule wa kuchagulia hai (gia za mwendo wa kawaida) na loo (gia nzito za mwendo wa polepole). Ukiiacha wazi porini, tairi moja tu ikipoteza mshiko inaweza kulisimamisha gari zima. Prado na Land Cruiser 80 zenye foo ya kudumu nazo zina difu ya katikati yenye loki, na baadhi zina loki ya nyuma juu yake. Kwa magari haya, loki ya katikati ndiyo ya kwanza kufungwa, na kwa safari nyingi za tope la kawaida inatosha.

Kisha tazama loki zako zinafanya kazi kwa nguvu gani. Zile za kiwandani za Toyota hufungwa na mota ndogo ya umeme iliyokaa kwenye difu. Swichi yake ni ya kuzungusha na imeandikwa RR kwa ya nyuma, halafu FR RR kwa zote mbili. Taa kwenye dashibodi itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka meno yaingie sawasawa. Ikitulia, imefunga. Zile zinazoongezwa baadaye, kama za ARB ya Australia, nyingi hutumia upepo: lazima kompresa iwashwe kwanza na ijaze, ndipo swichi ya loki ifanye kazi. Dereva anayeikumbuka kompresa akiwa katikati ya tope amechelewa.

Kuna pia difu yenye klachi ndani yake, ambayo hupunguza tairi moja kuzunguka ovyo. Inasaidia kidogo, lakini usiidhanie kuwa loki. Na kama gari lako ni lile dogo la mjini linalotegemea breki za umeme kugawa nguvu, mwongozo huu haulihusu.

Tafuta uwanja wa udongo ulionyooka, kama mita 50, ufanye jaribio kila mwezi. Simama, funga loki ya nyuma, sogea polepole, tazama taa itulie, simama, fungua, sogea tena mpaka taa izime. Fanya vivyo hivyo kwa ya mbele. Mota za umeme zisizotumika hushikwa na kutu na vumbi, na zikiganda utagundua siku mbaya. Mwenye gari akilalamika kwamba unachezea gari, mweleze sababu kwa heshima. Jaribio hili ni bei rahisi kuliko kulivuta gari kutoka Ngare Sero.

Hatua ya pili: kabla hujaiacha lami

Kama gari lako lina habu za kufunga kwa mkono, zile zilizo katikati ya tairi za mbele, shuka uzigeuze zote mbili kwenye LOCK ukiwa bado mahali pakavu. Habu ikibaki kwenye FREE, foo itaonekana imeingia lakini tairi za mbele hazitasukuma chochote. Kuzitafuta habu ndani ya tope la magoti ni kazi ya kumuumiza mtu bure.

Shusha upepo. Tairi za gari la watalii lililojaa hubeba psi 35 mpaka 40 kwenye lami. Kwenye mchanga mrefu, psi 20 hivi hupanua unyayo wa tairi na mara nyingi huondoa kabisa haja ya kufunga loki. Gari likiwa limejaa sana, usishuke mno, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu au kukatwa ubavuni na jiwe. Beba kompresa au pampu, kwa sababu tairi laini kwenye lami kwa mwendo wa kilomita 80 hupata moto na kupasuka.

Kisha mizigo. Madumu ya mafuta, majiko, vyakula: kila kizito kiwe chini na kifungwe. Abiria wafunge mikanda hata kama mwendo ni wa kutambaa. Nawe toa vidole gumba ndani ya usukani, uviweke juu ya duara lake. Tairi ya mbele ikigonga jiwe, usukani wa gari la zamani unaweza kuruka kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Hatua ya tatu: simama, shuka, tembea

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo ninayoiamini kuliko swichi zote. Ukifika penye shaka, zima haraka uliyonayo. Shuka. Tembea mpaka ng'ambo kwa miguu yako.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Tarangire na wa chini ya Monduli, kanyaga na ukague kinachokushika mguu. Kama juu kumekauka lakini kisigino kinazama, gari litazama zaidi. Kwenye korongo la mchanga, tafuta mahali kingo ziliposhuka taratibu pande zote mbili, na tazama kama kuna jiwe lililofichwa na majani. Kwenye maji, usipite pale ambapo mtu hawezi kusimama. Na usiitazame mbingu ya juu yako peke yake: njia ya Engaruka kwenda Natron inakatwa na makorongo yanayoshuka kutoka milimani, na mvua iliyonyesha Kitumbeine au Gelai inaweza kulijaza korongo huku wewe ukiwa kwenye jua kali. Ukimkuta mzee wa Kimaasai na mifugo yake, mpe shikamoo, muulize wanapita wapi siku hizi. Anakijua kivuko cha wiki hii, na ramani ya simu haikijui.

Ukiwa ndani ya hifadhi, kutembea hivi hakuruhusiwi isipokuwa penye vituo vya kushukia. Hapo tazama kwa darubini, soma alama za waliotangulia, uliza kwenye redio ya gari. Na kama huoni upande wa pili, geuza. Kutoka nje ya njia ili kulikwepa tope pia hakuruhusiwi, na sababu yake ni nzuri: kila gari linalokwepa hupanua njia, na nyasi zilizosagwa kwenye udongo ule huchukua muda mrefu kurudi.

Hatua ya nne: funga kwa mpangilio

Kutembea kumekwisha, umechagua mstari. Sasa fanya hivi, ukiwa bado kwenye ardhi inayoshika:

1. Simama kabisa. Nyoosha usukani.
2. Weka foo, kisha ingiza loo. Magari mengi hayataikubali difloki mpaka uwe loo, na hata yale yanayokubali, unaihitaji loo ili uende polepole bila kuunguza klachi.
3. Kama una difu ya katikati, ifunge.
4. Kama mahali pale panahitaji zaidi, funga loki ya nyuma. Achia klachi taratibu, sogea mita moja au mbili, taa itulie. Meno yakigoma kuingia, tikisa usukani kidogo kushoto na kulia huku ukitambaa.
5. Loki ya mbele ni ya mwisho, na ni kwa mahali ambapo una hakika ya kupita mstari ulionyooka.

Kamwe usifunge loki wakati tairi moja inazunguka kwa kasi na nyingine imesimama. Ndani ya difu kuna meno au pini zinazotakiwa kuingia kwenye matundu yao, na upande mmoja ukipita mbio, kinachofuata ni kukatika. Ukishasikia tairi inapiga mluzi kwenye tope, toa mguu kwenye mafuta, subiri kila kitu kisimame, ndipo uguse swichi.

Ujue pia kwamba kwenye Land Cruiser nyingi zenye ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, ABS huacha kufanya kazi loki zikiwa zimefungwa. Taa yake itakuambia. Breki zipo, lakini ukikanyaga kwa pupa tairi zitajifunga.

Hatua ya tano: endesha kama mtu anayetembea

Mwendo uwe wa miguu, usizidi kilomita 8 kwa saa. Gia ya kwanza ya loo ni ya mawe na miteremko. Kwenye tope na mchanga, gia ya pili ya loo mara nyingi ni bora, maana ya kwanza ina nguvu nyingi mno na inazizungusha tairi kabla hazijashika. Mguu wa mafuta uwe mmoja, usiopanda na kushuka. Usibadili gia katikati.

Mahali loki inapoonyesha thamani yake yote ni pale gari linapokaa mshazari: unavuka korongo kwa pembe, tairi ya mbele kushoto inaning'inia na ya nyuma kulia nayo imenyanyuka. Bila loki, tairi mbili za hewani zinakula nguvu na zile mbili zilizokanyaga hazipati kitu. Loki ya nyuma ikiwa imefungwa mapema, gari linatambaa na kutoka kama vile hakuna kilichotokea. Huna haja ya kulirusha, na huna haja ya kasi.

Kwenye udongo mweusi, loki inasaidia mpaka pale tairi zinapojaa tope na kuwa laini kama chungu. Baada ya hapo tairi zote nne huzunguka pamoja na kuchimba pamoja. Ukiona gari halisogei kwa nusu mzunguko wa tairi, acha. Loki haiongezi mshiko wa ardhi. Inagawa tu ule uliopo.

Sasa kona. Ukiwa na loki ya nyuma peke yake, gari litataka kwenda moja kwa moja, na utahitaji nafasi pana kuliko kawaida. Ukiwa na ya mbele, usukani unakuwa mzito na gari linageuka shingo upande. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote: usikanyage mafuta ukiwa umekata usukani mpaka mwisho huku loki ya mbele imefungwa. Viungio vilivyomo ndani ya mikono ya tairi za mbele huwa dhaifu zaidi vinapokunjwa hivyo, na nguvu yote inaweza kumwagikia kimoja. Ukisikia kishindo kikifuatwa na mlio wa kokoto, kimeshavunjika. Kama lazima ugeuke, simama, fungua ya mbele, geuka, nyoosha, kisha ufunge tena ukihitaji. Inachukua nusu dakika.

Mahali pa kuiacha loki wazi

Ubavuni mwa mlima. Nataka hili likae kichwani kwa kila dereva, kwa sababu halionekani kuwa hatari mpaka linapotokea.

Gari linapopita kwa mlalo, mlima ukiwa kulia na bonde kushoto, kinacholizuia kuteremka kwa ubavu ni mshiko wa tairi. Tairi inayozunguka ovyo haina mshiko wa upande wowote: haisukumi mbele, na haizuii ubavuni. Difu ikiwa wazi, tairi moja ikiteleza, mwenzake husimama, na kwa kusimama kwake huizuia sehemu ya nyuma isishuke. Difu ikiwa imefungwa, zote mbili huteleza kwa wakati mmoja, na nyuma ya gari inaondoka kuelekea bondeni. Gari refu la watalii lenye mizigo juu ya paa likianza kwenda hivyo, linaweza kupinduka.

Jambo lile lile liko kwenye barabara za mashamba ya kahawa na migomba, za miteremko ya Meru na za Kibosho na Machame. Barabara zile za udongo mwekundu zimetengenezwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yaende mitaroni. Zikilowa, ukifunga loki ya nyuma, gari litateremka kistaarabu kabisa mpaka kwenye mtaro. Hapo weka foo, nenda polepole, kaa juu ya mgongo wa barabara, na difu za mbele na nyuma ziache wazi. Mwenzako akija mbele yako, msimame mapema mkubaliane nani arudi nyuma.

Mteremko mkali ni wa pili. Loki ya mbele iwe wazi ili uweze kuliongoza gari. Shuka kwa gia ya kwanza ya loo, toa mguu kwenye klachi, acha injini ilizuie gari. Ya nyuma pia naiacha wazi kwenye mteremko wa utelezi, kwa sababu tairi mbili zilizofungwa pamoja zikipoteza mshiko, nyuma inakuja mbele. Nyuma ikianza kupita ubavuni, ongeza mafuta kidogo sana ili tairi zipate tena mwendo wa ardhi, kisha uachie. Kukanyaga breki kunazidisha.

Na lami, nimeshasema.

Hatua ya sita: fungua kabla ya kona ya kwanza

Umevuka. Usishangilie bado. Simama kwenye ardhi inayoshika, zungusha swichi iwe OFF, sogea mbele ukiwa umenyooka. Taa isipozima, usiendelee na safari ukidhani itazima yenyewe. Meno yamebanwa na mzigo uliojikunja ndani ya ekseli. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha mbele, ukitikisa usukani taratibu kila upande. Kwa kawaida utasikia mgongano mdogo na taa itazima. Mkono wa foo ukigoma kutoka, dawa ni hiyo hiyo.

Angalia taa zote mara ya pili kabla ya kupandisha kwenye lami, pamoja na foo yenyewe. Kama kuna utingo au mwenzako aliyekaa mbele, mpe kazi ya kuzisoma kwa sauti. Uchovu wa kutoka kwenye tope ndio unaomfanya dereva mzuri aingie lami ya Mto wa Mbu na loki zake.

Ukinasa licha ya yote

Acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa tairi baada ya gari kusimama ni sentimita nyingine za kuchimba, na diski ya klachi inaungua. Jaribu kurudi nyuma mara moja kwa njia uliyojia. Ikishindikana, shusha abiria upande ulio salama, toa sepeto. Toa udongo mbele ya tairi zote nne na, la muhimu zaidi, chini ya difu na ekseli, kwa sababu mara nyingi gari limelalia hapo na tairi hazina uzito wa kutosha. Tandika mawe, matawi makavu, au mbao za kunasua kama unazo. Sasa ndipo ufunge loki, tairi zikiwa zimesimama, kisha utoke taratibu.

Kuhusu jeki, soma mara mbili. Tairi moja ikiwa imenyanyuliwa na difu ikiwa imefungwa, tairi ya pili bado inasukuma. Ukiwasha injini na kuingiza gia, gari litaruka kutoka kwenye jeki likiwa na mtu chini yake. Difu ikiwa wazi nako kuna hatari yake: kwenye Defender za zamani, breki ya mkono inashika propela ya nyuma, haishiki tairi zenyewe. Ukinyanyua tairi moja ya nyuma, inaweza kuzunguka na kuiachia ya pili, gari likabingirika. Kwa hiyo zima injini, weka gia, vuta breki ya mkono, kwenye Defender funga loki ya katikati ili propela zote zishikwe, na weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini. Hakuna mwili wa mtu unaoingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Ukivutwa na gari jingine, kamba ifungwe kwenye ndoano za chesisi. Usiifunge kwenye bampa wala kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela, ule mpira ukikatika unaruka kama risasi. Watu wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba, na asiwepo mtu wa kusimama katikati ya magari mawili. Tupia koti zito au turubai katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Wale vijana wema wa kijijini wanaokuja kusukuma, wapange pembeni, kamwe wasisimame nyuma ya tairi yenye mawe na matawi. Vitu hivyo hutupwa kwa nguvu.

Baada ya safari

Osha tope lote lililoganda ndani ya rimu na kuzunguka ekseli, hasa ule udongo mweusi, ambao ukikauka unakuwa mzito na kuifanya tairi itetemeke barabarani. Tazama waya za mota za loki, au mirija ya upepo: matawi na mawe hupenda kuing'oa. Tazama ndani ya tairi za mbele kama kuna grisi au oili inayovuja.

Kama ulivuka maji ya kufikia habu, kagua oili ya difu kabla ya safari nyingine. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ndani yake hunywea na kuvuta. Kwa ajili hiyo kuna mrija mdogo wa kupumulia juu ya ekseli, na mrija huo ukiziba kwa tope, maji huingia kupitia sili. Fungua nati ya kujazia. Oili ikitoka nyeupe nyeupe, maji yameshaingia: imwage yote na uweke mpya ya daraja la GL-5, kwa uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari, ambao kwa difu nyingi za magari haya ni 80W-90 au 85W-90. Mwambie fundi aupandishe mrija wa kupumulia mpaka juu, ndani ya boneti kwa difu ya mbele na nyuma ya taa kwa ile ya nyuma. Ni kazi ya asubuhi moja kwenye gereji yoyote ya Arusha au Moshi, na ukimaliza kuilipa, pitisha gari kwenye kile kiwanja chako cha mita 50, ujaribu loki zote mbili kabla ya kulirudisha kazini.